Mwaka Tuliomkalisha Cucu

Kwanza naomba mnisamehe kwa mwandiko wangu. Niliachia masomo darasa la nane, na tangu hapo kalamu yangu imezoea tu kuandika sukari, chumvi na kiberiti kwenye kipande cha karatasi cha kupeleka dukani. Naandika polepole, nafuta, narudia. Mahali ambapo herufi imekosekana, tafadhali ijazeni wenyewe na msinicheke sana. Nimeamua kuandika kwa sababu kusema mbele ya watu kulinishinda tangu nikiwa mdogo, na kwenye karatasi hakuna anayeniangalia mdomo.

Wiki iliyopita nilikuwa sokoni Karurumo, nimepanga foleni ya viazi. Mbele yangu alisimama mama mmoja mzee, sweta lake limeshika moshi wa kuni, na chini ya ule moshi kulikuwa na harufu ya dawa ya kuchua, ile kali inayofungua pua mpaka machozi yanatoka. Nilisahau kilichonileta. Muuza viazi aliniita mara mbili. Mimi nilikuwa nimerudi kwenye kitanda cha mbao cha nyanya yangu, nina miaka kumi, na kumekucha.

Nyanya huyo ni mama yake baba yangu. Sisi tunamwita Cucu. Nililala naye tangu nilipoachishwa ziwa, kama watoto wengi wa kike wa kwetu wanavyolala na nyanya zao. Kila asubuhi kitu cha kwanza nilichosikia kilikuwa magoti yake. Yalilia kru, kru, kama mtu anayekanyaga maganda makavu ya kahawa. Kisha alikaa ukingoni mwa kitanda, akayachua kwa viganja, akaanza kuzungumza nayo. Goti la kushoto hakulisumbua. La kulia ndilo alilolibembeleza.

"Huyu ni kama babu yako," aliniambia. "Asubuhi lazima umwombe. Lakini akishaanza kazi, hasimami."

Na kweli, akishawasha moto na kuchemsha chai, alikuwa anatembea karibu kama watu wengine. Mtoto haoni maana ya mambo kama hayo. Niliona tu kwamba kila asubuhi Cucu alianza akiwa mzee sana, halafu akapungua uzee kadiri jua lilivyopanda.

Kwetu kila goti linalouma limeingiwa na baridi. Cucu alisema baridi yake ilimwingia mtoni, zamani za kuteka maji akiwa msichana. Siku ambazo goti lilivimba, alivaa kipande cha gunia mkononi, akakata thabai, yale majani yanayowasha nyuma ya choo, akalichapa goti mpaka likawa jekundu na moto. "Sasa baridi inatafuta mlango," alisema huku ameuma meno. Mimi nilisimama mbali na kuangalia kama nitaiona ikitoka.

Kazi alikuwa ameifanya. Alibeba kuni, maji, ndizi na kahawa mgongoni, ukanda umepita juu ya kichwa, na ukanda huo ulimwachia bonde dogo juu ya paji la uso. Vidole vyangu viwili viliingia pale vikatosha.

Lazima niwaeleze jambo la jina, la sivyo hamtanielewa. Kwetu binti wa kwanza hupewa jina la mama yake baba. Cucu ni Wanja, kwa hiyo mimi ni Wanja. Mtoto wa namna hiyo si mtoto tu. Baba alipotaka maji aliniambia, "Mama, niletee maji." Na Mama, aliyenizaa, akiwa na furaha aliniita mama pia, maana nilibeba jina la mama mkwe wake. Kuna heshima nyingine inayoendana na hiyo: mke aliyeolewa katika boma hamwiti mama mkwe wake kwa jina, wala hamwamrishi. Anaweza kumwomba na kumshauri kwa kuzunguka. Kumwambia "fanya hivi" ni aibu ambayo wanawake wataizungumzia miaka.

Mimi niliitumia heshima hiyo vibaya. Mama akininyima kiazi kitamu cha pili, nilimwambia, "Unamnyima mama mkwe wako chakula?" Cucu alicheka mpaka akashika mbavu, na Mama akatoa kiazi.

Shuleni sikuwa hivyo. Shuleni nilikuwa kimya hata mwalimu mmoja aliwahi kumwuliza Mama kama nasikia vizuri. Maneno yangu yote niliyaweka, nikayabeba mpaka nyumbani, nikayamwaga kwa Cucu.

Mvua ndefu za mwaka huo zilipoanza, Cucu aliteleza kwenye njia inayoteremka shambani kwa kahawa, mzigo wa kuni ukiwa mgongoni. Hakuumia. Alikaa kwenye tope akicheka, ukanda umemteremka mpaka puani. Lakini jirani yetu, Mama Mugo, alikuwa anapita juu ya njia na aliona.

Jumapili, baada ya ibada, Mama Mugo alisema mbele ya akina mama wengine, kwa sauti ya kuulizia bei ya sukari: "Mama Wanja, kumbe siku hizi punda wenu ni mama mkwe?"

Wengine walicheka, wengine wakaangalia viatu vyao. Mama alinivuta tukaondoka. Njia nzima mpaka nyumbani alinishika mkono kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

Baba alikuwa nyumbani wikendi hiyo. Alifanya kazi mjini Maua, ya kupakia miraa kwenye pikapu, na alirudi kila mwisho wa mwezi. Alipoambiwa, aliita watu wote jikoni, akasema kuanzia siku hiyo mama yake hafanyi kazi tena. Amechoka. Akae apumzike kama mama za watu.

"Nikae nifanye nini?" Cucu aliuliza.

"Ukae tu, Mama."

"Kukaa ni kazi?"

"Ni kupumzika."

"Haya," alisema Cucu. "Hiyo sijawahi kusomea."

Tulicheka wote. Hakuna aliyefikiri tunakosea. Kwetu mzee anayekaa wakati watoto wanahangaika ni sifa ya boma lote, na mimi nilijipa kazi ya kuhakikisha sifa hiyo haipotei. Niliteka maji kabla hajayataja. Nilileta sahani, nikaondoa sahani. Nilimfunga mbuzi wake karibu na mlango ili asiende kumtafuta. Kigoda chake cha chini, kile cha miguu mitatu, nilikisogeza mpaka kwenye jiko, naye akakaa pale magoti yamepanda karibu na kidevu. Akijaribu kuinuka nilinyanyua kidole. "Wanja mdogo anasema Wanja mkubwa akae." Naye alikaa, akitikisa kichwa.

Sitawadanganya: sikuwahi kuwa na furaha kama miezi ile. Nilitoka shuleni mbio nikijua yuko palepale nilipomwacha.

Kufikia mwezi wa saba, hakuweza kuinuka kwenye kigoda bila Mama kumshika kwapa hili na mimi lile. Goti la kulia lilijaa kama kiazi kikuu. Mapaja, ambayo zamani yalikuwa magumu kama ya mwanamume, yalilegea mpaka ngozi ikaning'inia. Yale magoti ya asubuhi yaliyokuwa yakinyamaza baada ya chai, sasa yalilia mpaka saa sita. Kanisani aliacha kwenda. Chooni tulimpeleka. Mama Mugo, ambaye moyo wake haukuwa mbaya, alileta vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi kutoka dukani, na Cucu akavimeza kila siku mpaka tumbo likaanza kumchoma. Nami, kwa jinsi nilivyokuwa na akili, niliona dawa ya hayo yote ni moja: apumzike zaidi.

Baba alirudi mwisho wa mwezi wa nane. Aliteremka shambani peke yake, akapanda tena na magugu yameganda kwenye suruali. Ile kahawa ilikuwa ya Cucu. Aliipanda yeye na babu kabla Baba hajazaliwa, na hakumruhusu mtu mwingine kuikata matawi.

"Kule chini ni msitu," Baba alimwambia Mama uani. "Huku kila mtu anapanda muguka auze majani ya kutafuna, sisi tunafuga nyoka. Nitangoja msimu wa kuchuma. Mama asipoweza kuteremka mwenyewe, nang'oa yote."

Jikoni kwetu ni kwa mbao, na mbao zina nafasi. Cucu alikuwa ndani kwenye kigoda, mimi miguuni pake. Tulisikia yote. Baadaye, Baba alipokwenda kuoga, Cucu aliniambia niteremke nimletee tawi moja, aone zimefikia wapi. Nilikimbia, nikavunja tawi kubwa lenye matunda mengi ya kijani ili nimfurahishe. Alilipokea, akaangalia mahali lilipovunjika.

"Umevunja mkono mzima," alisema. "Nilitaka kidole."

Alilishika mapajani mpaka chakula kikaiva. Ilikuwa mara ya kwanza kuona Cucu akiwa na huzuni nisiyoweza kuiletea maji.

Nafikiri Mama pia aliona, maana Jumanne iliyofuata alimwita kijana wa boda boda. Cucu alipandishwa katikati, Mama nyuma akimshika, na mimi nililia mpaka nikapewa nafasi mbele kwenye tangi. Tulikwenda hivyo mpaka Runyenjes, watu wanne, polepole, Cucu akimwambia dereva kila tulipofika kwenye shimo, "Taratibu, kijana, mimi si gunia la majani chai."

Kliniki ilikuwa na benchi refu na daktari kijana mwenye kola safi. Nilimtazamia achome sindano. Badala yake alipiga magoti sakafuni mbele ya Cucu, jambo lililomshtua Cucu hata akataka kumwinua. Alikunja goti, akalinyoosha, akalibonyeza pembeni. Kisha akachukua mkono wangu, akauweka juu ya goti, akalikunja tena. Chini ya kiganja changu nilisikia kitu kikisagika kama mchanga kwenye sufuria.

"Unasikia?" aliniuliza. Nilitikisa kichwa, ndiyo.

"Cucu, wewe unalima kahawa?"

"Nilikuwa nikilima."

"Ukiminya tunda lililoiva, mbegu inatokaje?"

"Inateleza. Inaweza kukuruka machoni."

"Ndani ya goti ni hivyo. Mwisho wa kila mfupa una ngozi laini inayoteleza, tunaiita gegedu. Ya kwako imelika miaka na miaka, mpaka mifupa inakaribia kusuguana. Ndiyo maana goti linavimba, linakaza asubuhi, linalia."

"Si baridi ya mtoni?"

"Mto hauna kosa."

"Basi nimeuchongea mto miaka hamsini," alisema Cucu, na daktari akacheka.

Kisha aliuliza swali ambalo sikulisahau. "Mapaja haya yameisha hivi kwa nini? Ni nani aliyemwambia akae?"

Nilitazama sakafu. Ilikuwa ya saruji nyekundu na ufa mmoja, na nilitamani kuingia kwenye ule ufa.

"Ni sisi," alisema Mama.

Daktari hakugomba. Alisema alikuwa ameona wengi, na wote walikalishwa na watu wanaowapenda. Alieleza kwamba gegedu iliyolika hairudi, hatamdanganya Cucu kwamba atapata goti la msichana. Lakini goti linashikiliwa na misuli ya paja, na misuli isiyofanya kazi inayeyuka, halafu uzito wote unaliangukia goti lenyewe. Kwa hiyo atembee, kidogo kidogo, kila siku. Akae kwenye kiti kirefu, kile kigoda kiondolewe. Anyooshe mguu akiwa amekaa, auzuie juu mpaka hesabu ya kumi, aushushe. Ainuke kitini na kukaa tena bila kushika kitu, mara tano, na zikizoeleka, kumi. Asibebe mzigo mgongoni tena. Kitambaa cha maji ya moto ni kizuri, na dawa ya kuchua pia. Vile vidonge vya dukani aviache kabisa, maana ndivyo vilivyokuwa vikimchoma tumbo. Alimpa vingine vya siku mbaya tu, na kumweleza jinsi ya kuvimeza. Wale wanene huwaambia wapunguze mwili, alisema, ila huyu hana cha kupunguza. Likizidi kabisa, kuna hospitali kubwa zinazopasua na kuweka goti jingine, lakini hajafika huko.

Mwisho alichukua fimbo kutoka pembeni, akampa Cucu. Cucu akaishika mkono wa kulia, upande wa goti baya, kama ambavyo mtu yeyote angefanya. Daktari akaihamisha kushoto.

"Lakini goti bovu ni hili."

"Ndiyo maana. Fimbo na mguu mbaya vinakwenda pamoja, vinagawana mzigo. Na mlimani, kupanda anza na mguu mzuri, kuteremka anza na mbaya."

Tulirudi na fimbo hiyo. Nilidhani mambo yameisha. Kumbe yalikuwa ndiyo yanaanza, kwa sababu goti lililokaa miezi mitano haliamki kwa furaha. Siku ya kwanza Cucu alinyoosha mguu mara mbili, machozi yakamtoka, akasema atamalizia kesho. Kesho akasema kesho. Mama alimzunguka kwa maneno laini: "Naona jua limetoka vizuri, Mama. Mtu angeweza kutembea kidogo." Cucu alikubali kwamba jua lilikuwa zuri. Hakutembea.

Hivyo zikapita siku nne. Asubuhi ya tano sauti ya Mama ilipasua ua mzima.

"Wanja! Inuka!"

Niliruka kitandani. Mama alikuwa mlangoni, mikono kiunoni, macho yameniganda mimi. Alitukalisha kwenye benchi refu, mimi upande huu, Cucu upande ule.

"Wanja, nyoosha mguu. Juu! Usiushushe. Moja. Mbili. Wanja, nimesema usiushushe!"

Mguu wangu haukuwa na ubaya wowote. Niliuinua huku nikilia. Na pembeni yangu nilisikia Cucu akivuta pumzi, na mguu wake mwembamba wenye soksi ya sufi ukapanda polepole, ukatetemeka, ukasimama sambamba na wangu mpaka kumi.

Mtakuwa mmeelewa. Mimi sikuelewa. Mama asingeweza kumwambia mama mkwe wake "inuka". Lakini mwanawe aliyebeba jina lilelile angeweza kumwamrisha kutwa, na aliyetaka kusikia angesikia. Wao wawili walilijua hilo bila kuambiana neno. Mama hakumtazama Cucu hata mara moja. Macho yalikuwa kwangu, ukali wote ulikuwa kwangu. Mimi niliona tu kwamba mama yangu amebadilika na kunichukia, na kwamba Cucu, kwa kunihurumia, anateswa pamoja nami.

"Wanja, tembea mpaka kwenye mparachichi! Wanja, mguu mzuri kwanza! Wanja, hapo sijasema upumzike!"

Sauti hiyo ilivuka ua. Siku moja Mama Mugo alisimama upande wa pili, kichwa tu kikionekana.

"Wewe, huyo mtoto amekukosea nini?"

"Hajanikosea."

"Basi mbona unampigia kelele kama mtu anayefukuza nyani?"

"Nyani wangu, shamba langu," alisema Mama. "Wanja! Mara tano zaidi!"

"Na huyo mzee unamtembeza juani? Hata huogopi Mungu?"

Cucu, aliyekuwa ameegemea mparachichi akihema, aliinua fimbo kidogo kama anayesalimia. "Mimi nafuatana na mjukuu wangu tu, Mama Mugo. Amenyimwa amani."

Habari zilifika kanisani kabla yetu. Ilisemwa kwamba Mama amekosa adabu, kwamba anamkimbiza mzee ili afe upesi arithi shamba. Mama alisikia. Alikaa benchi la nyuma, akaimba, akatoka. Nyumbani aliendelea.

Nami nikafanya nililoweza. Baba aliporudi mwisho wa mwezi wa tisa, nilimngojea barabarani, nikamwambia yote: kwamba Mama anatutesa mimi na Cucu kila asubuhi. Nilisema kwa wingi, mimi nisiyesema. Baba aliingia uani akiwa bado na mkoba begani.

"Mama Wanja! Nilisema mama yangu apumzike. Ulinisikia au hukunisikia?"

Mama alikuwa anaosha vyombo. Alinyanyuka, mikono inadondosha maji, akanitazama mimi, akamtazama Cucu kwenye benchi, akanyamaza. Baadaye sana ndipo nilipojua kwa nini alinyamaza. Kujitetea kungemlazimu aseme kwa mdomo wake, mbele ya Cucu, kwamba alikuwa akimwamrisha.

"Nijibu!" alisema Baba.

Hapo Cucu akaweka fimbo chini. Aliikunja mikono yake kifuani, kama daktari alivyofundisha, akainama mbele, akasimama. Bila kushika kitu. Akakaa. Akasimama tena. Akakaa. Akasimama. Baba alishusha mkoba chini.

"Miezi mitano mlinipumzisha," Cucu alimwambia mwanawe, "na kidogo mnizike nikiwa nimekaa. Usimguse huyu. Nitawaambia mimi wakati wa kupumzika."

Akaokota fimbo kwa mkono wa kushoto, akaenda chooni peke yake, na sisi watatu tukabaki tunausikiliza mwendo wake.

Jioni hiyo Baba alichukua jembe, akateremka kwenye njia ya kahawa. Nilidhani anakwenda kung'oa. Alikuwa anakata ngazi kwenye mteremko, moja fupi baada ya nyingine, na kupigilia vijiti pembeni ili udongo usibomoke.

Msimu ulipofika, kahawa ikiwa nyekundu, Cucu aliteremka. Mguu mbaya kwanza. Ilimchukua muda ambao mimi ningekwenda na kurudi mara sita, na kila ngazi alisema neno ambalo sitaliandika hapa. Alichuma kopo moja dogo, akakaa kwenye kiti alichotanguliziwa, akachuma kopo la pili. Baba aliyabeba yeye mgongoni mpaka juu, ukanda kichwani, akipita mbele ya lango la Mama Mugo bila haraka. Kahawa haikung'olewa. Muguka ulipandwa upande wa barabara, sehemu iliyokuwa ya mahindi.

Cucu yu hai hata leo ninapoandika. Goti halijapona. Kuna wiki linamlaza, hasa mvua zikianza, tunaweka maji ya moto na kungoja. Kisha anatembea tena. Miaka mingi niliamini kwamba lengo la asubuhi zile lilikuwa kuondoa maumivu, na nikashangaa kwa nini hayakuondoka. Sasa nadhani yalikuwa mapatano tu: wewe uma, mimi nitateremka.

Lakini jambo lililonifanya nishike kalamu ni jingine. Mwaka jana dada yake Mama alitutembelea, na katika mazungumzo akataja kwamba mwezi ule wa kunyoosha miguu Mama alikuwa akimpigia simu karibu kila siku, amejificha nyuma ya zizi, analia hata hasikiki. Alilia kwa sababu ya uso wa Cucu wakati mguu ulipopanda. Kisha alipangusa macho, akarudi uani na kunipigia kelele mimi.

Mimi pia niliuona uso huo, na ndio niliokuwa nikiukimbia. Nilipomkalisha Cucu kwenye kigoda na kumletea kila kitu, sikuwa nikimwondolea maumivu. Nilikuwa nikijiondolea mimi kuyaona, na kujiwekea mtu ambaye hawezi kwenda mahali nisipokuwepo. Nilimpenda sana, na kwa mapenzi hayo karibu nimmalize miguu. Mama aliweza kuangalia. Aliangalia, akahesabu mpaka kumi, akakubali kuitwa mtu mbaya na jirani, na kanisa, na mume, na binti yake. Bado sijamwomba msamaha. Maneno huwa yananikwama, mnajua nilivyo. Nafikiri nitampa karatasi hizi azisome kabla sijazipeleka posta.

Ninyi mnaosoma, kama nyumbani kwenu kuna mzee mliyemkalisha kwa kumpenda, au mliwahi kumwinua akiwa hataki, niandikieni mniambie mlifanyaje na yeye alisemaje. Hata mistari miwili inatosha, na msijali mwandiko. Kusoma pia nasoma polepole, lakini nitamaliza, na nitawajibu mmoja mmoja.